Besi ya Mzee Massoudi kwenye Wimbo wa Zubeda

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Mzee Massoudi Sleiman, mpiga besi, mtayarishaji wa nyimbo na mwalimu wa wanamuziki wengi hapa Bujumbura. Mzee Massoudi alitutoka miezi miwili iliyopita, nyumbani kwake Buyenzi, akiwa na miaka sitini na minane. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Tunamkumbuka kupitia kwa Anouar, mwanafunzi wake wa kwanza. Anouar ametuambia: "Mukisema, museme yote. Hata wivu wangu." Haya, tuseme yote.

Studio ya Mzee Massoudi ilikuwa chumba nyuma ya gereji ya kaka yake. Sheria yake ilikuwa moja. Mwanafunzi mkubwa humpigia besi mwanafunzi mdogo. Yeye mwalimu hapigi. Na Anouar, miaka yote, alitamani kitu kimoja tu: besi ya Massoudi kwenye wimbo wake. Aliomba akiwa kijana. Aliomba akiwa na watoto. Jibu lilikuwa lile lile: "Apana, mutoto wangu. Mi nikikupigia, we utajifunza nini?" Anouar akanuna kidogo, akaendelea kuwapigia wadogo.

Kisha akaja mwanafunzi mpya, Zubeda, binti wa mtaa wa Mutanga Sud. Sauti, jamani! Na mzee hakuficha furaha. Alimsifu mbele ya watu. Alimkalisha karibu na mitambo, kwenye kiti alichozoea Anouar. Hata kahawa ya tangawizi ikawa inaanzia kwa Zubeda. Anouar alimwonea gere waziwazi. Mkewe, Houda, anakumbuka: "Akirudi nyumbani ni Zubeda, Zubeda. Nikamwambia, bwana, kama ungekuwa unamupenda ningeelewa. Lakini we unataka kuwa yeye!"

Siku ya kurekodi wimbo wa Zubeda ikafika. Zamu ya besi ilikuwa ya Anouar. Hakwenda. Alipiga simu: "Muzee, kidole kinaniuma." Kidole kilikuwa kizima kabisa. Bwana alikuwa Kajaga, ufukweni mwa ziwa, anakula samaki wetu mukeke wa kuchoma, anajichekea peke yake kwamba leo watamkosa.

Hawakumkosa, wasikilizaji wapendwa. Mzee Massoudi alingoja, akaguna, kisha akachukua besi yake mwenyewe. Akapiga wimbo mzima. Ndiyo mara ya kwanza Massoudi kupiga kwenye wimbo wa mwanafunzi, na ndiyo mara ya mwisho. Haukupita muda, moyo wake ukasimama. Rekodi yake ya mwisho ni ya Zubeda. Sasa wimbo huo uko kila mahali. Anouar akiusikia kwenye teksi, anashuka.

Jumamosi iliyopita, arobaini ikiwa imekwisha, wanafunzi walikusanyika uani kwa marehemu. Watu wakautaka wimbo huo. Zubeda akamfuata Anouar mbele ya wote: "Kaka Anouar, besi ni yako. Si ndiyo sheria ya muzee?"

Anouar alitaka kukataa tena. Roho ilimchoma. Lakini akaishika besi, akapiga sawasawa kama mzee alivyopiga, bila kuongeza, bila kupunguza. Mama Mwanasiti, mjane wa marehemu, yuko eda, alikuwa anasikiliza toka chumbani. Sauti yake ikasikika hadi uani: "Mungu wangu! Huyo ni Massoudi wangu."

Watu walilia. Anouar je? "Hata hapo niliona wivu," anasema. "Nimepiga mi, amesikiwa yeye."

Mzee Massoudi Sleiman, mpiga besi na mwalimu, apumzike kwa amani. Pole sana Mama Mwanasiti. Pole kwa watoto, kwa ndugu, na kwa Buyenzi nzima. Mwenyezi Mungu awape subira.

Na wewe unayetusikiliza, jiulize. Pengine kuna mdogo wako kazini anangoja mkono wako, na roho inakuuma kumpa. Usisubiri iache kuuma. Leo hii, tunapoongea, Anouar yuko studio anampigia Zubeda wimbo wa pili. Anasema bado inamuuma.