Samaki wa Dada na Tangi la Chini

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, birika la kahawa linakuja na wenyewe wanalifuata. Kuna Kioo, anayekata vioo vya madirisha jirani yangu. Kuna Bomba, fundi wa mabomba, hawezi kukaa mahali bila kuchungulia kama kuna kitu kinavuja. Na kuna Kapteni, aliyekuwa mpishi wa meli miaka mingi, ila ukimsikiliza utadhani usukani ulikuwa jikoni. Asubuhi hiyo alikuja pia Shemeji. Ni fundi cherehani, mume wa dada yake Kioo, na kwa kuwa Kioo anamwita shemeji, basi mtaa mzima umekuwa shemeji yake. Alikaa, akapokea kikombe, asinywe.

— Amekufa mwingine, akasema.

Kioo aliruka kutoka kwenye benchi. Dada yake alikuwa hospitali, mbali, amepasuliwa mgongo.

— Nani amekufa?

— Samaki. Yule wa manjano.

Kioo alikaa tena, mkono kifuani.

— Siku nyingine anza na neno samaki, bwana. Utaniua na mimi.

Samaki wenyewe ni wa Dada. Si wale wa maji baridi. Hawa ni wa maji ya chumvi, na amewalea miaka mingi kwenye tangi la kioo pale sebuleni, na majirani wakienda kusalimia wanasalimia samaki kwanza. Alipoondoka kwenda kupasuliwa alimwachia mumewe. Sasa walikuwa wamebaki wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe.

— Na mwenyewe anajua? akauliza Bomba.

— Kila akipiga simu ananiuliza, hawajambo? Namwambia hawajambo.

— Wote?

— Hajasema wote. Na mimi sijaongeza.

Kisha, kwa kuwa benchi letu haliwezi kukaa na tatizo bila kulitibu, matibabu yakaanza.

— Hiyo ni presha, akasema Bomba. Maji yasiyotembea yanakuwa mazito. Samaki anachoka kuyabeba.

— Samaki habebi maji, akasema Kioo. Tatizo ni kioo. Anajiona mchana kutwa, anadhani kuna mwenzake mzuri kuliko yeye upande wa pili. Anakufa kwa kijicho.

— Nyinyi hamjui bahari, akasema Kapteni. Samaki wa chumvi amezoea mwezi. Mwezi ndio unamwambia sasa lala, sasa amka, sasa oa. Hapo sebuleni kuna mwezi gani? Yule hajui leo ni lini. Mtundikieni mwezi.

— Mwezi nitautoa wapi, Kapteni?

— Sisi melini tulikuwa nao kila siku.

Mimi si mjuzi wa samaki, lakini nakaa na vichwa vya watu kutwa nzima na nimejifunza kuuliza mambo madogo.

— Shemeji, chakula unawapa mara ngapi?

Akatazama ndani ya kikombe.

— Nikimkumbuka.

— Nani?

— Mke wangu. Nikimkumbuka naenda pale kwenye tangi, nawatupia kidogo. Wanakuja mbio, wananitazama. Nakuwa kama naongea naye.

— Na unamkumbuka mara ngapi? akauliza Bomba.

Shemeji alizungusha kikombe mkononi. Kioo akamwongezea mgonjwa wetu kahawa juu ya ile iliyopoa.

Kisha Shemeji akatueleza kwamba amekwisha kwenda kwa mwenye duka la samaki wa mapambo, naye alimwambia hivyo hivyo: chakula kimezidi, kinaozea majini, na uchafu hauna pa kwenda. Apunguze chakula, na ajenge tangi la pili chini ya lile la juu. Maji yashuke kwa bomba, yapite kwenye chujio, kisha yaingie chumba chenye mwani na mawe. Mwani utaula uchafu kama mboga zinavyokula mbolea. Chumba cha mwisho kiwe na pampu ya kuyarudisha juu, masafi. Na mwani uwashiwe taa wakati taa ya tangi la juu imezimwa, ili maji yawe na kitu kinachofanya kazi saa zote.

— Taa wakati juu kuna giza, akasema Kapteni taratibu. Nimewaambia nini? Mwezi.

Tukamwachia. Lakini Shemeji alikuwa bado hajamaliza.

— Daktari amesema Jumamosi anamruhusu. Mimi nashona suruali. Tangi nitalishonaje?

Kioo alisimama, akajipangusa magoti.

— Yule ni dada yangu kabla hajawa mke wako. Vioo ninavyo. Kuna kabati la duka limevunjwa, kioo chake ni kinene. Bomba, wewe mabomba. Kinyozi, tunataka uani kwako.

Kioo ni mtu wa maneno mengi akiwa kazini, lakini siku ile alikata bila kuongea. Alipima mara mbili, akakata, akasugua kingo zote zisimkate mtu vidole, akafuta kila kipande kwa kitambaa. Kuta mbili za ndani alizifanya fupi ili maji yaruke kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Gundi ilinuka siki mpaka wateja wangu wakauliza kama nimeanza kuuza kachumbari. Tuliiacha ikauke, na Kapteni akaenda kuigusa kwa kidole kuona kama imekauka. Haikuwa imekauka. Alama ya kidole chake iko pale mpaka leo.

Tukalijaribu uani kwa maji ya bomba. Pipa la plastiki, lenye tundu ubavuni, tuliliweka juu ya meza lijifanye tangi la juu. Tangi jipya likakaa chini yake, na pampu ikawashwa. Maji yakapanda, yakashuka, yakaruka ukuta wa kwanza, yakaruka wa pili. Hakuna palipovuja. Bomba alizunguka akitafuta hata tone moja, hakulipata, akaonekana kama ameonewa. Shemeji alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo.

Kisha umeme ukakatika.

Pampu ikanyamaza, lakini maji hayakunyamaza. Bomba la kupandishia lilikuwa limezamishwa mpaka chini ya pipa, na sasa maji yakaanza kurudi kupitia humo humo, yanajivuta yenyewe. Tangi la chini likajaa, likafurika, uwanja ukawa dimbwi, viatu vya Kapteni vikaelea.

— Zima, akasema Kapteni.

— Nizime nini? akajibu Bomba. Umeme umeshazimika.

Shemeji alikaa juu ya ndoo, maji yakimpita miguuni.

— Hii ingekuwa sebuleni, akasema. Anarudi na mgongo mpya, anateleza mlangoni. Acheni. Nitamwambia tu wamekufa.

Bomba alikuwa amechutama, ametazama lile bomba lake kwa muda mrefu.

— Nilifikiria yanavyopanda, akasema. Sikufikiria yanavyorudi. Lakini Shemeji, leo tumelowa sisi. Dada hajalowa. Si ndiyo maana tumejaribia huku?

Alilipandisha bomba juu, karibu na uso wa maji, akatoboa tundu dogo pembeni yake. Maji yakishuka kidogo tu, tundu linavuta hewa na ule mvuto unakatika. Kioo naye akachora mstari kwenye tangi la chini: maji yasipite hapa, nafasi ya juu ni ya yale yatakayorudi. Umeme uliporudi tukawasha, tukauzima wenyewe kwa makusudi. Yakashuka kidogo, yakasimama chini ya ukingo. Tukauzima tena, basi tu kwa raha ya kuyaona yakisimama.

Tulilibeba mpaka kwa Shemeji kama tunabeba mgonjwa. Tangi la Dada lilikuwa na tundu nyuma, limezibwa siku zote, na mwenye duka alikwisha sema ndilo la kazi hiyo. Bomba akaunganisha, Shemeji akapanga mchanga na mawe, akatumbukiza fungu la mwani alilopewa dukani. Siku ya kwanza maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Ya pili ukaona jiwe la nyuma. Kesho yake wale wawili walitoka walikojificha, wakaja mpaka mbele ya kioo kumtazama Shemeji, naye, anavyosema mwenyewe, akaweka mikono mfukoni.

Jioni hiyo, Dada alipopiga simu kuuliza hawajambo, Shemeji akamwambia kweli. Wamebaki wawili.

— Akasemaje? tulimuuliza asubuhi.

— Akasema alijua. Eti alikuwa anamuuliza mtu habari za samaki tele, na huyo mtu hamtaji hata mmoja. Halafu akaniuliza mimi mwenyewe kama nakula.

Jumamosi ilipita, Jumapili ikapita, tukawaacha wapumzike. Jumatatu kahawa ilikuwa inaelekea mwisho tulipowaona wakija, Dada ameshika mkono wa mumewe, anatembea kama anayepima ardhi kwanza. Kioo akaenda kumlaki, akamkumbatia kwa uangalifu mkubwa kama alivyoshika vile vioo. Tukamwachia benchi zima. Akakaa, akatushukuru mmoja mmoja, kisha akatutazama wote kwa pamoja.

— Nina swali. Kule chini, kwenye mwani, kuna viumbe vidogo vyeupe vinarukaruka. Kama wale kamba wa baharini, ila ni wadogo kama punje ya mchele iliyokatika. Na kuna nyota ya bahari moja imejibandika kwenye kioo, haifiki ukucha wangu. Nani amewaweka?

Tukatazamana.

— Mimi niliweka mabomba, akasema Bomba.

— Mimi vioo, akasema Kioo.

Shemeji alitikisa kichwa. Yeye aliweka mwani, na aliusuuza kwanza, hakuona kitu. Tukamgeukia Kapteni, tukamngoja. Alifungua kinywa, akakifunga.

Nikainua birika niwamiminie watu wasaidike kufikiri. Lilikuwa tupu.

— Basi twendeni mkawaone, akasema Dada. Huenda leo wameongezeka.

Nikafunga duka. Tulikwenda kwa mwendo wake, taratibu, na hakuna aliyemtangulia.