Wiki ya Wageni wa Clovis

Benchi letu la kijijini Harvey Vale limeegemea ukuta wa duka la mama yetu sote, Tanti Verlyn, likitazama ghuba, na Novemba ile halikupata mapumziko hata asubuhi moja. Msimu wa tufani ulikuwa ukingoni, pepo kali zijazo kila Krismasi hazijakaza bado, na Clovis Enoe alikuwa amepata wageni wake wa kwanza: mtu na mkewe kutoka nchi ya theluji, waliokodi boti yake ya matanga kwa wiki nzima kuanzia Jumamosi. Wakimponyoka hao, angerudi kupeleka vitunguu na mitungi ya gesi kisiwa cha Union, kazi aliyoapa kutoifanya tena. Ndiyo maana alitujia benchini kuomba tumsaidie kupanga safari. Lilikuwa kosa, lakini kahawa ilikwisha miminwa.

Aliyetangulia kusema ni Redio, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hazimiki. Yeye aliona waanze kaskazini, uso kwa uso na upepo, ili wageni watapike mapema.

— Mtu akishatapika Jumapili, bwana, wiki iliyobaki yote tamu. Hata umpe maji ya wali, atakushukuru.

Nanga, ambaye akikaa haondoki, alipinga. Njia sahihi, alisema, hufuata shangazi. Alikuwa na shangazi katika kisiwa cha Petite Martinique aokaye mikate, mwingine Mayreau akaangaye samaki, na wa tatu Bequia, asiyepika chochote ila hununa akipitwa.

— Na kasa je? akauliza Clovis. Yule mama mgeni ameandika anataka kuogelea na kasa.

— Kasa si ndugu wa mtu, akajibu Nanga. Ukifika kwake utakaribishwa na nani?

Redio akaona anapitwa, akatoa wazo la pili: wasiende popote. Watu wa theluji, alisema, hawatofautishi ufuo na ufuo. Clovis azunguke ghuba hii hii, kila alfajiri aigeuze boti upande mwingine na kubadili bendera, nasi wa benchini tubadili mashati ili tuwe wenyeji wa kisiwa kipya. Nanga aliafiki, mradi siku ya Mayreau yeye avae kofia. Clovis alishika kichwa. Mimi, sitaficha, nilikwisha anza kuchagua shati.

Hapo akatokea mwanamke mrefu, mabega yameiva kwa jua, akajitambulisha kuwa ni Ingunn. Yeye na mumewe walikuwa wamefika mapema, kabla ya Jumamosi. Clovis akasimama wima. Mgeni akasikiliza habari za shangazi kwa adabu, kisha akasema:

— Vizuri. Na boti iko wapi? Ningependa kuiona.

Clovis akaketi tena. Julai, tufani ilipotangazwa, kila mtu alikimbizia chombo chake ndani ya mikoko. Clovis, aipendaye boti yake kuliko wengi wapendavyo wakwe zao, aliingia wa kwanza, akajichimbia ndani kabisa. Na katika mfereji ule mwembamba, wa kwanza kuingia ndiye wa mwisho kutoka. Wengine walikwisha toka, ila mmoja.

— Imezibwa na boti nyingine, mama, akasema Clovis.

— Ya nani?

Tukatazama bahari. Nanga akatazama kikombe chake. Injini ya boti yake ilikuwa juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, imefunikwa kitambaa, ua limewekwa juu.

Tanti Verlyn akatoka dukani, akachukua birika, akakusanya na vikombe. Cha Nanga kilikuwa bado nusu.

— Kahawa itarudi hiyo boti ikitoka, wanangu.

Tukaenda kuivuta boti ya Nanga kwa kamba. Tope la mikoko lilitufika mapajani. Ingunn alikunja suruali, akashika kamba mbele yetu sote, akamwambia Clovis, huku akicheka, kwamba kwao watu wangelipa zaidi kwa shughuli kama hii. Clovis naye akacheka, mara ya kwanza wiki ile, akavuta kama punda. Nanga pekee alibaki juu ya boti yake, akidai kwamba mwenye mali hana budi kuwepo, akituomba tuvute kwa upole kwani chombo chake hakijazoea haraka.