Meza ya Injini Inabaki Bila Fausto

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Fausto Rizzinelli anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kwenye meza ya injini. Aliomba aongezewe miwili. Amekataliwa. Nimeagizwa niandike kwa uchangamfu, nami nitajitahidi, ila msinilaumu nikishindwa.

Kwa wenzetu wa ghorofani ambao hawajawahi kushuka karakana: kigari tunachokitengeneza kinaendeshwa kwa rimoti, lakini si cha kuchezea. Ndani yake kuna injini ya mafuta inayoenea kiganjani na kuzunguka mara elfu thelathini kwa dakika. Inapotoka kwenye mashine za kuchongea bado imebana. Ukiiwasha ukaikimbiza siku hiyo hiyo, umeiua. Lazima kwanza ilelewe, na mlezi wa mji mzima huu wa Lumezzane ni Fausto.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na sita, akitokea kiwanda cha jirani alikokuwa anang'arisha koki za maji. Hakuna aliyemfundisha kulea injini. Aliua kadhaa, akajifunza. Anaiwasha, anaifungulia sindano ya kabureta inywe mafuta kuliko inavyohitaji, inakohoa na kutema moshi. Anaiacha ingurume taratibu hadi tangi liishe, anaipoza, anaanza upya. Sindano anaibana baadaye, kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Joto alilipima kwa mate: kidole mdomoni, kisha kwenye kichwa cha injini. Mate yakichemka polepole, twende. Yakiruka, anazima. Kampuni ikamnunulia kipimajoto; akakipeleka nyumbani kupimia polenta, ugali wetu wa mahindi.

Mimi niliingia hapa mwaka uliofuata, nikipiga deki. Leo niko dawati la marejesho, kwa hiyo hesabu ninazo. Katika kila injini kumi zinazorudishwa, nane zimekufa kifo kimoja: mwenyewe alibana sindano apate kasi. Mafuta yakapungua, na kwa kuwa kilainishi kimo humo humo ndani ya mafuta, pistoni ikasugua silinda kavu kavu.

Kuna bwana mmoja alikuja kutoka Bergamo na maiti yake mkononi, akidai tumemuuzia takataka. Nikamwita Fausto.

"Moshi uliuona?" akamuuliza.

"Ulikuwa umekatika kabisa. Nikafurahi, nikajua sasa imetulia."

"Ulifurahi! Ndugu yangu, umemnyima mtoto maziwa, halafu unamwambia akimbie, akinyamaza unafurahi?"

Yule bwana aliondoka na injini mpya, tena ameilipia mwenyewe.

Sonia wa mauzo naye hatasahau siku aliyowasha kigari kabla ya rimoti. Kilidaka mawimbi ya rimoti ya mtu mwingine, kikaenda kuparamia ukuta. "Rimoti kwanza, mama!" Fausto alipaza sauti uwanja mzima. "Hicho hakina macho, macho unayo wewe!" Ni yeye pia aliyetuzoesha kuchoma mafuta yote yaliyobaki tangini kabla ya kufunga kazi, kudondoshea injini oili isishike kutu, na kusafisha matope kwa brashi, si kwa mpira wa maji.

Sheria yake ilikuwa moja. Akishika sindano, watu kimya. Aliirekebisha injini kwa sikio, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Sasa nifike panaponiuma. Vizuia kelele vya masikio vililetwa karakana hii yeye akiwa na miaka kumi na tisa kazini. Kumi na tisa. Hata vilipokuja, alivaa upande mmoja tu, kwa sababu sikio la pili lilikuwa ndicho kifaa chake cha kazi. Sauti za juu, zile nyembamba, ndizo zilizoanza kumpotea. Tuliona anaongeza sauti ya televisheni ya kantini, tukamtania kwamba anaipenda mno timu yake.

Miaka miwili aliyoomba ilikuwa ya kumfundisha Michela Bossini wa kitengo cha kuunganisha. Mkurugenzi alijibu kwamba tungeona baada ya siku ya maonyesho kwa mawakala wa mauzo, mwezi wa nne. Siku hiyo Fausto ndiye aliyeendesha kigari cha maonyesho. Alikiita pembeni, akabana sindano, akakirudisha uwanjani. Mzunguko wa tatu moshi ukakatika. Ngurumo ikakonda, ikawa kilio.

Sote tulisikia. Michela akasema, "Jamani, inakufa ile."

"Nyamaza wewe," msimamizi wetu Delfino akamkata. "Mzee yuko kazini."

Kila mmoja wetu alidhani anafanya makusudi, kwamba ana ufundi fulani anaowaonyesha mawakala. Nikiwemo mimi ninayezihesabu maiti. Hakuna aliyefungua mdomo. Injini ikakwama, magurudumu yakajifunga, kigari kikabingirika mbele ya wageni.

Fausto aliitazama rimoti kwanza, akaitikisa. "Nani kanizimia?"

Akageuka, akatusoma nyuso.

"Mlisikia?"

Delfino akaitikia kwa kichwa.

"Na mkaninyamazia."

Wiki hiyo hiyo barua ya kustaafu ilisainiwa. Michela alikuwa amekaa mezani asubuhi chache tu. Jumatatu meza inang'olewa, na kuanzia hapo injini itakwenda kwa mnunuzi ikiwa mbichi, na karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Nimewauliza wakubwa nani anasoma karatasi za ndani ya boksi. Nimejibiwa kwamba soko limehamia magari ya betri. Sawa. Kwangu zilikuwa zinarudi nane katika kumi zimekufa kwa sindano, na hizo zilikuwa zimelelewa. Sioni zisizolelewa zitaponea wapi.

Chakula cha kumuaga ni Ijumaa saa sita mchana, kantini. Kuna sungura wa kuoka. Ukiongea naye simama mbele yake, akuone mdomo. Usimpigie kelele sikioni. Na usitabasamu tu na kutikisa kichwa kama hajakuelewa, rudia.

Fausto, asante kwa kila injini iliyotoka mlangoni ikiwa hai, na kwa kila mmoja wetu uliyemwambia kosa lake bila kumzungusha. Tunakuombea mapumziko ya amani wewe na Graziella wako, afya, na majirani wasiokunyamazia. Michela ameomba kabla ya chakula aiwashe injini ya mwisho mezani, wewe ukiwa pembeni. Akibana mno, mkemee mbele yetu sote. Wewe ulituambia kila mara. Sisi tulitakiwa kukuambia mara moja tu.

Ornella Pasotti
Dawati la Marejesho