Sura Ndani ya Saa ya Ukutani

Atakayebisha na abishe, tena asimame tumwone: bibi yetu aliyelala hapa mbele aliwazidi mafundi wote wa mtaa huu, na familia imenichagua mimi, mjukuu niliyeishia kidato cha kwanza, niwasomee historia yake, kwa sababu wasomi wetu wote wanalia na mwenye sauti ni mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1948, akiwa wa tatu kati ya watoto watano, akasoma hadi darasa la nne, kisha mwaka 1965 akaajiriwa kufagia stesheni ya treni, alikofanya kazi miaka thelathini na minane, akirudi nyumbani na mfuko wa vilivyoachwa na wenyewe, funguo zisizo na kufuli, vifungo, miwani ya jicho moja, hata picha za watu asiowajua, ambao aliwasalimia kila asubuhi kama wapangaji wake.

Tarehe 12 Agosti 1967 alifunga ndoa na babu, fundi saa, wakajaliwa watoto wanne, na babu alipofariki mwaka 1989 bibi alitoa mashine kwenye saa yake ya ukutani, akaweka picha ya mumewe palipokuwa na mishale, akaizungushia vifungo na funguo, na tangu hapo ikawa bandika bandua, kila mtoto na mjukuu akatengenezewa pambo lake ndani ya droo kuukuu au kopo la biskuti. Sheria yake ilikuwa moja, kila kitu hulazwa wiki nzima bila gundi, kikipatana na wenzake ndipo kinagandishwa. Picha ya babu peke yake haikugandishwa, maana alipenda kuitoa na kuifuta vumbi.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023, akalazwa hospitali tarehe 2 Mei mwaka huu, akawakataza wauguzi kutupa vizibo vya dawa, na Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomjazia vizibo mfuko mzima, majirani waliovumilia nyundo yake, na wenzake wa stesheni, waliomletea vifungo hadi wiki ya mwisho.

Karatasi ya familia inaishia hapo, ila baba mkubwa ametangaza kwamba picha ya babu iliyo ndani ya saa, pekee tuliyo nayo, itachorwa kwenye jiwe la kaburi lao, nanyi mmepita mbele ya saa hiyo mkisifu kwamba mzee alikuwa na sura, jambo nisiloweza kupinga, kwani aliye ndani ya saa ni mimi. Ya babu niliichukua miaka mitatu iliyopita nikamringie binti mmoja, ikafuliwa pamoja na suruali, nikapiga yangu kwa tai ya kuazima, nikaichovya kwenye chai ya rangi ipate uzee, nikairudisha kimya kimya, na bibi hakusema neno, nikajiona mjanja.

Jana nilijaribu kuitoa, haitoki, imegandishwa, na chini yake kuna kifungo cha shati langu la shule, lile nililolitupa siku niliyoacha masomo.

Baba mkubwa, nisamehe, na usinichore kaburini, bado naishi. Nawe bibi, wiki ile ile niliyoirudisha picha ndipo ulipoanza kuniita mume wangu, nikadhani ni utani tu wa bibi na mjukuu. Pumzika kwa amani, mke wangu.