Fundi Idarousse na Orodha Isiyokuwa Yake

Marehemu Fundi Idarousse wa Salimou alizaliwa mjini Mutsamudu siku ya Ijumaa, tarehe 9 Novemba 1934, saa kumi na mbili na robo asubuhi, sawa na mwezi mosi Shaaban 1353, na ijapokuwa hati yake ya serikali inasema tu kwamba alizaliwa mnamo mwaka 1934, siku na saa zimepatikana kwenye jalada la ndani la msahafu wa baba yake, mzee Salimou, mshonaji kofia, aliyeandika humo kila aliyezaliwa na kila aliyekufa chini ya paa lake. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho, akitanguliwa na dada yake, Bibi Moina, mwenye nyumba hii tulimokutana leo Jumamosi, siku ya tatu ya msiba. Historia hii imeandikwa na binti wa marehemu, Hadjira, na anayeisoma ni mjomba wake Hadjira, Bwana Kamardine, kaka wa mjane, aliyefika jana kutoka Moroni.

Marehemu alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa, akasoma shule ya msingi hapa Mutsamudu kuanzia mwaka 1943 hadi 1950, kisha akapelekwa Moroni kusomea ualimu, akaanza kufundisha mwezi Oktoba 1955, kwanza hapa na kisha Moroni, wala hakuacha kwa miaka thelathini, ndiyo maana akaitwa Fundi, yaani mwalimu, na wengi mliokaa barazani hapa mlipigwa rula naye, ingawa kila mmoja husema alipigwa mwenzake.

Tarehe 14 Agosti 1958 alimwoa Bibi Djaouharia wa mtaa wa Badjanani, kule Moroni ng'ambo ya bahari, akahamia nyumbani kwa mkewe kama ilivyo desturi, wakajaaliwa watoto wawili, Sounhadj, aliyezaliwa 1959 na ambaye yuko Marseille, na Hadjira, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1961. Hakufanya ndoa kubwa, ile ya kulisha mji mzima, kwa hiyo katika uwanja wa Badjanani hakuwa na haki ya kusema mbele ya waliofanya, na hata alipotimiza miaka hamsini alihesabiwa pamoja na vijana, akikaa upande wao, akipitisha vikombe vya kahawa, na shemeji yake Kamardine, ambaye ndoa kubwa alikwisha kuifanya, alizoea kumwambia kwa mzaha, mwanangu Fundi, kahawa imepoa.

Jarida la mashairi la Upenu lilizaliwa kutokana na jambo hilo. Toleo la kwanza lilitoka Jumatano, tarehe 3 Juni 1981, kurasa kumi na mbili za stensili, nakala themanini, likasomwa chini ya upenu wa nyumba ya Bibi Djaouharia, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba hakuna shairi litakalochapwa na jina la mtunzi, kwa sababu Fundi alisema, shairi likiwekewa jina watu wataangalia kwanza huyu kaoa vipi, kisha ndipo waamue kama kasema kweli. Ndani ya Upenu mchukuzi wa bandarini na kadhi wa mji walikaa ukurasa mmoja, na wazee waliomnyima Fundi neno uwanjani walikariri mashairi ya vijana bila kujua ni ya nani. Ilikuwa miaka ya mamluki, wale askari wa kukodiwa waliokuja mwaka 1978, na sharti lililowekwa kwa ajili ya desturi likawa pia kinga, kwani shairi lisilo na mwenyewe halina mlango wa kugongwa.

Hadjira alirudi kutoka chuo kikuu cha Dakar mwezi Julai 1984, akawa msaidizi wa baba yake, na alikuja na hofu aliyofundishwa huko, kwamba kisichoandikwa kimepotea. Akamwomba baba yake waandae orodha ya watunzi, Fundi akakataa akisema, binti yangu, mashairi haya yana mama zao, hayahitaji karani. Hadjira aliiandaa bila yeye kujua, akichambua barua zilizoletwa na mashairi, na kufikia toleo la ishirini alikuwa na mashairi mia moja arobaini na matatu, watunzi thelathini na mmoja, kila mmoja kwa jina lake kamili, mtaa wake na siku shairi lake lilipopokelewa. Palibaki pengo moja tu, hakujua kama shairi la mwisho, lililotoka kwa Bwana Soulé, mwalimu wa hapa Mutsamudu, lilifika Ijumaa tarehe 2 Agosti au kesho yake. Basi Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 1985, aliitia orodha ndani ya kifurushi cha majarida kilichokuwa kikija Mutsamudu kwa ndege, pamoja na barua ya kumwuliza Soulé tarehe hiyo, na barua hiyo hakuitia saini, kwa kuwa Soulé aliujua mwandiko wake.

Kifurushi kilifunguliwa na askari uwanja wa ndege. Shairi la Soulé lilikuwa la mistari kumi na miwili, juu ya mbwa wa kuazima aliyelala kwenye kitanda cha mwenye nyumba huku watoto wa nyumba wakilala ukumbini, na waliolisoma hawakuhitaji kuelezwa. Soulé alichukuliwa Jumanne. Alhamisi asubuhi, habari ilipofika Moroni, Fundi aliwauliza watu wa nyumba yake ni nani aliyeandika orodha, Hadjira akasema ni yeye, akasema akilia, naye Fundi alimaliza chai yake, akamwambia mkewe amletee koti, kisha akaenda mwenyewe kambini kwa mamluki, akatamka kwamba orodha ni yake, mashairi yote ni yake, na yale majina ameazima tu kwa watu wasio na habari.

Afisa Mzungu hakuamini, akaanza kumtajia namba kutoka kwenye orodha, akianza na mia moja arobaini na tatu, na Fundi akakariri, akatajiwa nyingine, akakariri, namba ishirini na saba kwa asubuhi mbili, bila kukosea hata moja, na haya yalisimuliwa baadaye na askari mwenzetu aliyekuwa akitafsiri. Soulé aliachiwa tarehe 24 Oktoba, akiwa hasikii tena kwa sikio la kushoto, na wale wengine thelathini hawakuguswa. Fundi alikaa gerezani miezi kumi na moja na siku tatu, akatoka Jumamosi, tarehe 20 Septemba 1986, na kikohozi ambacho hakikumwacha.

Alipotoka, watu walijua jambo moja tu, kwamba orodha ilikuwa yake, na uwanjani Badjanani wakampa jina la Karani. Akipita, vijana walisema kwa sauti ya kusikika, funikeni madaftari, huyo anakuja, na mwingine akajibu, mwacheni, labda anataka kujua ulizaliwa saa ngapi. Mwaka 1987 alihamia huku kwa dada yake, jina likavuka bahari kabla yake, na Bwana Soulé alikutana naye kila Ijumaa mlangoni mwa msikiti asimpe mkono. Hadjira aliyasikia yote hayo kwa miaka mitatu na miezi minne, na hakusema neno. Baba yake alimkataza, hilo ni kweli, lakini ni kweli pia kwamba alifurahi kukatazwa.

Marehemu alilazwa hospitali ya Hombo tarehe 2 Januari 1990, akafariki Alhamisi, tarehe 18, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, akazikwa siku ileile baada ya alasiri. Kaburini familia iliwaomba mliohudhuria mumsamehe marehemu kila alichowakosea, na mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, hata ile orodha. Ndiyo maana historia hii imeandikwa hivi. Bwana Kamardine alipoisoma aliomba ukurasa huu uondolewe, akisema aibu ya nyumba ina mlango wake na mlango hufungwa, Hadjira akamjibu, mjomba, mlango huu umefungiwa mtu asiyehusika, na mnasikia wenyewe kwamba ukurasa haukuondolewa. Familia haiwezi kumwombea marehemu radhi kwa orodha hiyo, kwa kuwa hakuiandika, na anayeomba radhi yuko upande wa wanawake, nyuma ya pazia hili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Hombo, majirani waliopika na kuchota maji, walimu wenzake wa Moroni na Mutsamudu, na watunzi wa Upenu waliokuja wakijua wamekuja kwa nani.

Jana Ijumaa, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Hadjira alibisha hodi kwa Bwana Soulé akiwa na nakala ya kaboni ya orodha, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni, upande wa sikio la kulia. Soulé aliuliza swali moja, kama Fundi alilikariri shairi lake lote, akajibiwa kwamba mistari yote kumi na miwili, na kwamba kwa mujibu wa yule mtafsiri alipunguza mwendo kwenye mstari wa tisa. Soulé hakusema amesamehe, wala hakufunga mlango. Orodha ile ilikuwa na majina ya watu thelathini na mmoja na haikuwa na la aliyeiandaa, basi Hadjira akaomba kalamu, akaiweka karatasi ukutani, akaandika chini yake jina lake kamili, mtaa wake na tarehe.

Upumzike, Fundi, na jina la Karani usiende nalo, mwenyewe amekuja kulichukua.