Mzee Josphat Thuo Ndungu na Kiambu Iliyohama

Mzee Josphat Thuo Ndungu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1951 katika shamba la mzungu nje kidogo ya Njoro, wilaya ya Nakuru, ambako baba yake, Ndungu, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Alikuwa kitinda mimba. Mbele yake alikuwepo dada mmoja tu, Wangeci, aliyemzidi miaka mitano, na kwa kuwa mama yao alikuwa mgonjwa muda mwingi, Wangeci ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha na kumchapa alipostahili. Katika wasifu huu mahali patatajwa kwa ukamilifu, hata kama panachosha. Tunaomba mtuvumilie, kwa maana Mzee Thuo alikula hasara kubwa kwa sababu ya mahali palipotajwa nusunusu.

Mama yao alifariki Julai 1960. Baada ya mazishi alikuja dada wa mama, akasema msichana wa miaka kumi na minne hawezi kulelewa na mwanamume katika kambi ya wafanyakazi. Akamchukua Wangeci. Thuo alipouliza wanakwenda wapi, aliambiwa, "Kiambu." Alikimbia nyuma ya lori mpaka geti la shamba, akalia mpaka baba yake akaja kumchukua. Neno hilo moja, Kiambu, ndilo alilobaki nalo.

Alisoma Njoro hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1966. Hesabu zilimshinda waziwazi, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, na aliutumia kumwandikia dada yake, tangu barua ya kwanza ya Wangeci ilipofika shambani. Wangeci hakujua kusoma. Jirani yake mmoja alikuwa mwalimu, akifundisha shule moja huko Kikuyu, na huyo ndiye aliyemwazima sanduku la posta la shule, akamsomea barua na kumjibia. Barua zenyewe zilikuwa salamu tupu. Natumai u mzima kama mimi nilivyo mzima, nyanya anasalimu, mbuzi amezaa. Hakuna aliyeandika anakolala, maana anwani ilikuwa pale juu, upande wa kulia, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anaishi ndani ya anwani yake.

Baba yao alipofariki, Thuo alikuja Nairobi, Januari 1971, akapata kazi Parklands kwa Mhindi mmoja aliyetengeneza viti vya sofa. Jambo la kwanza lilikuwa kumwandikia dada yake kwamba amefika jijini, naye akatumia sanduku la tajiri wake. Jumapili ya kwanza ya mapumziko alivaa shati jipya, akaenda Kikuyu kwenye ile shule. Aliambiwa mwalimu amehamishiwa mbali. Na Wangeci? Hakuna aliyemjua. Angejulikanaje, naye hakuwahi kuishi hapo hata siku moja?

Miaka miwili baadaye tajiri alifunga duka akahamia Uingereza, na sanduku likaenda naye. Thuo akashona viti vya magari katika gereji za Kirinyaga Road, na mwaka 1982 akafungua kibanda chake Kangemi, kando ya Waiyaki Way. Wengi mlioko hapa mmekalia kazi ya mikono yake, na wachache wenu bado hamjamaliza kulipa, lakini leo si siku ya hayo.

Alimwoa Lydia Nanyama, binti wa Bungoma, tarehe 6 Desemba 1975. Lydia alikuwa akitania kwamba aliolewa na mwanamume mwenye wake wawili: yeye na Kiambu. Jumapili baada ya ibada, Mzee Thuo alishika njia: leo Limuru, mwezi ujao Githunguri, mwingine Ndeiya. Aliuliza kwa machifu, kwa mapadri, kwa wanawake wa sokoni. Aliingia ofisi za wilaya akaambiwa jina la Wangeci halimo. Alirudi jioni viatu vimejaa vumbi, na watoto walijifunza kutomuuliza. Alimtamani dada yake kila siku ya maisha yake. Hatuoni sababu ya kulisema hilo kwa kuzunguka.

Kisha, Agosti 2004, mteja wake mmoja alifiwa na mama, na Mzee Thuo akaenda kwenye mazishi huko Kabiria, hapa ng'ambo tu ya Kawangware. Wasifu wa yule mama uliposomwa, alisikia kwamba alizaliwa mwaka 1931 Kabiria, wilaya ya Kiambu. Akamgeukia Mzee Gichuru, aliyekaa kando yake.

"Hapo wamekosea. Kabiria ni Nairobi."

"Sasa ni Nairobi," Gichuru akamjibu. "Zamani hii yote ilikuwa Kiambu. Mpaka ulisongezwa sixty-three. Hata huko kwenu Kangemi ilikuwa Kiambu, hukujua?"

Hakujua. Alikuwa amelala Kiambu ile ile miaka yote akiitafuta kwingine. Mama yake mdogo alisema kweli mwaka 1960, na Wangeci hakuhama hata hatua moja. Kiambu ndiyo iliyohama ikamwacha palepale. Mzee Thuo alisimama kabla ya maombi ya mwisho, jambo ambalo mtu mwenye adabu zake hangelifanya, akauliza kwa sauti kama kuna anayemjua msichana aliyeletwa na mama yake mdogo kutoka Njoro.

"Si huyo ni mama ya Waithaka?" mwanamke mmoja akasema. "Hakukuja leo, magoti yanamsumbua. Kwake ni hapo nyuma."

Wangeci alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Mzee Thuo alijitaja. Dada yake akamtazama mvi zile, kitambi kile, akatikisa kichwa.

"Wewe si Thuo. Thuo ni kijana mdogo."

Mzee Thuo akaketi chini karibu naye. Wangeci alishika sikio la kushoto la Mzee Thuo, akalipapasa kwa nyuma palipokuwa na kovu la uji wa moto, uji aliommwagia yeye mwenyewe. Ndipo alipolia, na maharagwe yakamwagika yote. Alimwambia kwamba barua ile ya mwisho ilimfikia, lakini mwalimu akahamishwa kabla ya kumjibia, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa akienda Parklands kuuliza kwenye mageti ya Wahindi kama kuna kijana anaitwa Thuo anayeishi hapo. Walinzi walimzoea. Mmoja alimwita Mama Thuo.

Kwa miaka mitatu hawakukosa kuonana Jumapili hata moja. Hawakuzungumza mengi, na waliotarajia hadithi za Njoro walikuta wazee wawili wakibishana juu ya sukari kwenye chai.

Mwanzoni mwa 2007 ugonjwa wa kisukari uliharibu figo za Mzee Thuo. Alitibiwa katika hospitali moja Parklands, na Wangeci, akiegemea fimbo, alikuwa akimwambia kila nesi kwamba hatimaye amempata ndugu yake Parklands. Mzee Thuo alifariki huko Jumapili tarehe 9 Septemba 2007, saa kumi za jioni, dada yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Lydia Nanyama, watoto, Ndungu na Ciru, mjukuu, Ivyne, mpwa wake, Waithaka, na dada yake, Wangeci. Mzee Thuo hakuwa na shamba, na familia ilikuwa imepanga kumzika katika makaburi ya umma ya Lang'ata. Wangeci alikataa. Wazee kadhaa walinong'ona kwamba mtu hazikwi katika ardhi ya shemeji, na Waithaka, aliyeirithi ardhi hiyo kwa baba yake, aliwajibu: "Mama ametafuta huyu mtu maisha yake yote. Mnataka aanze tena, aulize namba ya kaburi?" Hakuna aliyebisha tena. Mahali palipochaguliwa ni hapa Kabiria, eneo la Dagoretti, jijini Nairobi, zamani wilaya ya Kiambu, nyuma ya jiko la dada yake, ambako Wangeci akifungua dirisha anamwona. Apumzike kwa amani hapa anapojulikana alipo.