Wadudu Waliotoboa Mchicha wa Ushirika

Mheshimiwa Ofisa Ushirika, mgeni wetu rasmi uliyekubali kukaa kwenye kiti cha plastiki kati ya gunia la maharage na jokofu linalonguruma. Ndugu Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wako. Meneja wetu tunayekuaga leo, pamoja na shemeji yetu uliyekuja naye. Ndugu wakulima, ndugu wanachama, ndugu wafanyakazi wa duka. Na wewe bwana mwenye chupa mkononi, uliyeingia kununua asali ukajikuta umezingirwa na sherehe: nawasalimu nyote, na nawaomba mkae.

Bodi imeniomba nimsifu Meneja. Nimeambiwa niseme mazuri, niyaseme kwa ufupi, kisha nikabidhi zawadi hii iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Nimeitikisa. Inasikika kama saa ya ukutani. Mnisamehe, ndivyo nilivyo. Wengi wenu nimewashonea nguo na mnanijua: mtu akiniletea kitambaa akasema ni pamba tupu, nachomoa uzi mmoja nauchoma kwa kiberiti kabla sijamwitikia. Mliponichagua kuongoza Kamati ya Ubora mlisema mnataka mtu asiyedanganyika kirahisi. Basi leo mnivumilie, kwa sababu kushuku ndiyo kazi mliyonipa.

Nianze na mazuri, na ni mengi. Nani asiyekumbuka duka hili la vyakula visivyopigwa dawa lilipokuwa gereji ya mtu, mizani moja, na mchele wa kahawia kwenye ndoo ya rangi iliyosuguliwa? Leo tuna mashine ya kusaga karanga mbele ya macho ya mteja. Tuna rafu za mbegu, tuna sabuni isiyowasha, tuna tawi la pili linalofunguliwa ng'ambo ya kituo cha mabasi. Hayo yote ameyasimamia Meneja huyu, na anastahili makofi. Pigeni. Asanteni, yanatosha.

Sifa yake kubwa, ndugu zangu, ni kwamba anasikiliza wateja. Mlisema mnataka unga wenye pumba, ukaja. Mlisema mayai yawe na manyoya yaliyonata kidogo ili muamini yametoka bandani, na juma lililofuata kila trei lilikuwa na unyoya wake. Je, kuna aliyewahi kuomba kitu hapa akaambiwa hakipo? Hakuna. Wenzangu mlifurahi. Mimi machale yalinicheza. Mkeo akipika kila unachotamani bila kwenda sokoni, unakula, lakini unachungulia jikoni.

Sasa niingie kwenye mchicha. Naona Mwenyekiti ananitazama. Mwenyekiti, nitakuwa mfupi.

Wageni huenda hawajui kwamba duka hili liliwahi kuwa na mkulima wa mchicha aliyekaa bondeni, nyuma ya tanuri la matofali. Mkulima huyo, mnayemwita Mama wa Bondeni, ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na nalisema mapema ili msije mkanisengenya. Mchicha wake ulikuwa majani mapana, mazima, hayana hata tundu moja. Na hilo ndilo lililomponza. Katika mkutano wa wanachama alisimama mwenzetu mmoja, tunamwita Bwana Lebo kwa sababu hasogezi kopo kwenye kikapu mpaka asome karatasi yake yote, akauliza, "Jamani, ikiwa mdudu mwenyewe hali, sisi tule?" Mkacheka, mkapiga makofi, mkasema kweli bwana, hapa pana dawa.

Wifi yangu akawaambia, "Nafunika matuta kwa vyandarua, na asubuhi natoa wadudu kwa vidole. Njooni shambani mwone." Nani alikwenda? Si wewe, mama, ulisema njia ina matope. Si wewe, mwalimu, ulisema utapanga siku. Hakwenda mtu.

Siku ya kura mliniomba nitoke nje, kwa kuwa ni ndugu yangu. Nilisimama pale kwenye mitungi ya gesi, nasikia viti vikisogea. Niliporudi ilikuwa imeshapita: jani lisilo na tundu haliingii dukani, na jina la wifi yangu limefutwa. Sikuona nani aliinua mkono na nani aliuacha mapajani. Tangu siku hiyo, niwe mkweli, kila mmoja wenu akinipa mkono nautazama kwanza.

Wiki haikuisha, mchicha wenye matundu ukaja. Mwingi! Tukaambiwa kuna mkulima mpya, yuko mbali kidogo. Mlijaa hapa kwenye kreti mkiuinua kwenye mwanga na kushangilia matundu kama watu wanaotazama picha za harusi. Nikamuuliza mtunza stoo mbona mlango wa nyuma unafungwa kila mboga zikifika. Akanijibu, bila hata kupepesa, "Mama, mboga zinapumzika." Mboga zimechoka nini? Zimekuja kwa miguu?

Nikanunua fungu, nikaenda nalo nyumbani. Mume wangu ndiye anayechambua mboga kwetu tangu astaafu udereva, na ana subira ambayo hakuwa nayo barabarani. Akachambua, akageuza jani, akachambua tena. Kisha akaniita. "Mke wangu, hawa wadudu wenu wamesomea wapi?"

"Kwa nini?"

"Wanakula wawili wawili. Na wanapimiana nafasi."

Nikatazama. Kila jani matundu mawili, ya duara, yamekaa sawasawa. Nikaweka jani juu ya jani, yakalingana. Nina faili nyumbani ninalotunzia karatasi za mikutano yetu, lile lenye vyuma viwili vya kupitishia. Nikalifungua, nikalitia jani. Likakaa! Likakaa vizuri kuliko taarifa ya mwaka jana.

Chekeni, chekeni tu. Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani nikamkumbuka wifi yangu akikunja vyandarua vyake hapa mbele ya mlango, huku mmoja wenu akimwambia ajifunze uaminifu. Niliumia, na bado naumia.

Hata hivyo nikajiambia, usimhukumu mtu kwa jani. Juma lililopita nikaja ofisini kuomba panchi ya kutobolea karatasi. Karani akatafuta mezani, akatafuta kabatini, akasema, "Aa, iko stoo." Panchi inafanya nini stoo? Ikaletwa. Inanata. Nikafungua kile kitako chake kinachokusanya takataka, vikamwagika mezani viduara vya kijani, vingine vibichi.

Nikaenda kwa Mwenyekiti wetu mpendwa. Naye, kwa upole wake tunaoufahamu, akaniambia, "Mama, tumalize sherehe kwanza." Nami nikajiuliza: sherehe ikiisha, Meneja atakuwa wapi? Atakuwa kwenye kazi yake mpya, duka kubwa la mjini lenye ngazi zinazopanda zenyewe. Na mimi nitakuwa nimemvisha kilemba cha ukoka, nimempa zawadi, na nimepiga picha naye. Mwenyekiti, sisemi ulijua. Nasema hukushtuka.

Meneja, usiinuke. Kaa, baba, maji yanakuja. Au unataka kusema? Sema, wape sauti.

Kwa wale wa nyuma msiosikia, Meneja anasema hivi: "Wateja walitaka matundu." Endelea, baba. Anasema mkulima wa mbali hakuwapo. Baada ya kumfukuza Mama wa Bondeni hakupatikana mwingine, na ninyi mlikuwa mnapanga foleni. Basi akawa ananunua soko la jumla kama maduka mengine yote, anautoboa, anauweka kwenye kreti. Anasema kama kuna dawa au hakuna, hajui. Anasema alidhani tutachoka na matundu.

Msizomee! Na wewe unayepiga makofi, unampigia nani? Amesema kweli kwa kuchelewa, tena mbele ya mkewe, na aibu yake inaonekana. Lakini tumelishwa mchicha wa sokoni kwa bei ya mchicha wa heshima, wakati mwenye mchicha wa heshima amekaa kwake. Meneja, umetupiga changa la macho, na sitakusamehe kirahisi hivyo kwa kuwa umeinamisha kichwa.

Ila nikuulizeni ninyi wengine, mbona mmetulia ghafla? Nani aliyemfundisha Meneja kwamba tundu ndilo cheti? Mtu anayeshuku kwa haki anakwenda kuona. Sisi tulishuku tukiwa tumekaa. Tulimshuku aliyetufungulia shamba, tukamwamini aliyetufungia mlango. Bwana Lebo, usijifanye hamnazo, weka chini hilo kopo, halijaandikwa kitu kipya tangu uanze kulisoma.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo lililonileta. Wifi yangu yupo hapa. Ndiyo yule pale mlangoni, karibu na mizani, aliyesimama ingawa kuna viti. Hajakanyaga duka hili tangu ile siku, wala nyumbani kwangu haji, kwa sababu mimi ni mtu wa duka. Leo kaka yake amemsihi. Tangu tumkatae amekuwa akiuza mchicha kando ya njia, unanyauka, anawapa mbuzi wa jirani. Mwenye tanuri la matofali anataka lile bonde. Anataka udongo wake. Jumatatu jioni anakuja kupokea jibu, na akipewa ndiyo, atachimba, na pakishachimbwa hapalimwi tena. Sherehe ya leo ingepita kwa keki na picha, na Jumatatu hiyo ingefika.

Kwa hiyo naomba, kabla hatujala chochote, tufute ile kura. Mwenyekiti anasema haimo kwenye ratiba. Sawa. Mheshimiwa Ofisa Ushirika, wanachama wamo humu, Bodi imo humu, inakatazwa? Mheshimiwa ametikisa kichwa. Anasema wanachama waliokusanyika wana haki. Asante, Mheshimiwa, ukirudi ofisini waambie tuna jokofu zuri.

Wanaotaka Mama wa Bondeni arudi, na lile sharti la matundu life leo, wainue mikono. Safari hii sitoki nje. Nasimama hapa hapa, natazama.

Naam. Naona. Mwalimu, asante. Mtunza stoo, wewe umeinua yote miwili, mmoja unatosha. Mwenyekiti ameinua. Bwana Lebo ameinua nusu. Nyoosha kiwiko, ndugu yangu, hakuna anayekupima. Meneja naye ameinua, wa kwanza kabisa, nimemwona. Sijui kama ni toba au ni kujiosha. Nauhesabu.

Wifi, imepita. Njoo mbele, dada. Hutaki kuja? Basi sema hapo hapo ulipo, nitawarudishia wa nyuma.

Anasema amesikia.

Anasema, "Mliniita mwongo kwa sababu mboga zangu zilikuwa nzima."

Anasema haamini mkono ulioinuliwa mbele ya mgeni rasmi, maana ile mingine pia iliinuliwa. Anasema asali nani aliionja, mayai nani aliyafuata bandani, maharage haya yaliyo kando ya mgeni rasmi yametoka kwa nani? Hajui, na anadhani na sisi hatujui.

Ngoja. Polepole, wifi, nisikupoteze. Mpeni maji. Anasema Jumatatu asubuhi atakuja. Si na mchicha. Atakuja mikono mitupu, na atataka afunguliwe stoo, afunguliwe kila gunia na kila kreti, na kila mmoja wetu anayetaka kuitwa mwanachama awepo amwonyeshe alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Akiridhika, mwenye tanuri atajibiwa hapana jioni hiyo. Asiporidhika, atauza bonde, na hatatudai kitu.

Hapo amemaliza. Amekaa, hatimaye, kwenye kiti.

Ndugu zangu, nilidhani leo ningewaomba mumhurumie. Kumbe yeye ndiye anayetupima, na tuna siku mbili za kujua tunauza nini humu ndani. Wifi yangu ana haki ya kutushuku, na mimi najivunia kuwa ukoo mmoja naye.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti, Meneja, wakulima na wanachama, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu muda wote huu. Na ninyi watatu huko nyuma mlioanza kunong'onezana kwamba Jumatatu asubuhi mna shughuli, nimewaona.